Sarafu za kumi na tano: hesabu au lugha?

Majuzi nilikwenda Jericho, huku mitaa ya Mashariki mwa Nairobi, kumjulia hali dada yangu. Kabla ya kufika kwake nilipitia sokoni, nikasimama kwenye kibanda cha mama mmoja muuza mboga. Bintiye, akiwa bado na sare ya shule, alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, daftari mapajani, akifuta alichoandika na kuandika tena. Mama akaniona nikichungulia. “Mzee, hebu msaidie huyu. Tangu atoke shule ni hesabu moja tu.”

Hesabu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Kwa Kiswahili ilisema hivi: mfanyabiashara ana sarafu 24, baadhi za shilingi tano na nyingine za shilingi kumi, jumla ya fedha hizo ni shilingi 185, tafuta idadi ya sarafu za kila aina. Binti alikuwa ameandika milinganyo miwili, kama alivyofundishwa. Wa kwanza: x + y = 185. Wa pili: 5x + 10y = 24. Kisha akakokotoa kwa uangalifu mkubwa, bila kukosea hata hatua moja, akapata kwamba sarafu za shilingi kumi ni hasi 180.2.

Mama alipotafsiriwa jibu hilo alicheka. “Sarafu hasi? Hiyo si pesa, hiyo ni deni.” Akaniuliza swali lilikuwa linasema nini hasa. Nikamweleza. Akafunga fungu la sukumawiki alilokuwa akikata, akasema: “Tuseme zote ni kobole. Ishirini na nne mara tano ni mia na ishirini. Lakini pesa ni mia na themanini na tano, kwa hivyo kuna sitini na tano imezidi. Kila ashu inazidi kobole na bob tano. Sitini na tano ukigawa kwa tano ni kumi na tatu. Basi ashu ni kumi na tatu, kobole ni kumi na moja.” Hakushika kalamu.

Binti alimtazama mamake, akarudisha macho daftarini. “Mum, hiyo si hesabu. Hiyo ni ya soko.”

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Nimefundisha uhakiki kwa miaka mingi, na sijawahi kufundisha hisabati. Lakini kosa la binti yule si la hisabati. Alijua kuzidisha, kutoa na kugawanya. Alijua kwamba mambo mawili yasiyojulikana yanahitaji masharti mawili. Alichokosea ni kusoma: jumla ya thamani aliipa idadi, na jumla ya idadi akaipa thamani. Hilo ni kosa la ufahamu wa matini, na matini ni kazi yetu sisi watu wa lugha. Basi naomba nilihakiki swali la sarafu kama ambavyo ningehakiki kisa kifupi.

Kwanza, ploti. Mama yule aliuliza jambo ambalo mhakiki yeyote angeliuliza: “Kwani huyo mfanyabiashara alizihesabu akiwa amefumba macho?” Ni kweli. Mtu anayejua kwamba ana vipande 24 na kwamba vina thamani ya shilingi 185 lazima awe amevitazama, na aliyevitazama anajua kobole ni ngapi na ashu ni ngapi. Mhusika wa kisa hiki anajua mambo mawili magumu na hajui lile rahisi. Mtoto aliyekulia kibandani anahisi kasoro hiyo hata kama hawezi kuieleza. Anajifunza mapema kwamba katika hesabu za shule, maneno hayana maana ya kawaida. Akishaamini hivyo, anaacha kusoma maneno. Anaokota namba, 24 na 185, na kuzipachika mahali ambapo anaona pengo.

Watanzania wengi huziita hesabu za aina hii “mafumbo”. Jina hilo ni zuri, ila lina hatari yake. Fumbo halisi huficha maana makusudi, na anayelifumbua hupata raha ya kugundua kilichofichwa. Swali la mtihani halina ruhusa ya kuficha maana. Kinachopaswa kufichika ndani yake ni kimoja tu, yaani jibu. Lugha ikifichika pia, tunapima mambo mawili kwa wakati mmoja na kutoa alama moja.

Pili, lugha yenyewe. Wapo wenzangu watetezi wa Kiswahili watakaosema dawa ni rahisi: tafsiri swali kwa Kiswahili, binti ataelewa. Hoja hiyo ina uzito. Sera yetu, tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976, imekuwa kwamba mtoto aanze na lugha ya eneo lake, ambayo mijini mara nyingi ni Kiswahili, kisha kuanzia darasa la nne afundishwe kwa Kiingereza. Jirani zetu wa Tanzania walikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu mwaka wa 1967. Lakini nimejaribu kuzitafsiri hesabu za sarafu, na nakiri kwamba tafsiri zangu za kwanza zilikuwa mbovu kuliko Kiingereza. Kiswahili kina mitego yake, na ni afadhali sisi tuliyoijua tuitaje.

Mtego wa kwanza ni “na”. Chukua kirai hiki: sarafu za shilingi kumi na tano. Je, ni sarafu za aina mbili, za kumi na za tano, au ni sarafu za aina moja, kila moja ikiwa na thamani ya kumi na tano? Kiunganishi kinachounganisha vitu viwili ndicho hicho hicho kinachojenga namba yenyewe. Msomaji wa Nairobi huokolewa na ujuzi wake wa dunia: anajua Benki Kuu haijatoa sarafu ya shilingi 15. Lakini badilisha bidhaa. “Tiketi za shilingi ishirini na tano” zaweza kuwa za aina mbili au za bei moja, na hapo ujuzi wa dunia hausaidii. Mwandishi makini hurudia kihusishi: za shilingi ishirini na za shilingi tano. Silabi moja inaokoa alama nzima.

Mtego wa pili unatokana na ngeli. Sarafu na shilingi zote ziko katika ngeli ya I-ZI, ngeli ambayo nomino zake nyingi hazibadiliki kutoka umoja hadi wingi, na ambayo namba zake hazivai kiambishi. Tunasema sarafu tano, shilingi tano. Kwa hivyo mtu akisema “sarafu za shilingi kumi tano”, sikio halina namna ya kujua “tano” ni ya nani. Linganisha na “vipande vitano vya shilingi kumi”. Hapa “vi-” ya vitano inamshika mwenyewe: ni vipande vilivyo vitano, shilingi ni kumi. Hata picha zilizo kwenye sarafu zetu mpya, zile zilizozinduliwa Desemba 2018, zingeweza kutusaidia. Ya shilingi tano ina kifaru, ya kumi ina simba. Nikisema “simba kumi na watatu na vifaru kumi na mmoja”, upatanisho wa ngeli ya A-WA unaniambia papo hapo kwamba hizo ni hesabu za wanyama wala si za shilingi. Sisemi vitabu viandikwe hivyo. Nasema sarufi yetu ina chombo cha kutenganisha idadi na thamani, nasi tumechagua nomino ambazo chombo hicho hakifanyi kazi kwazo, kisha tunashangaa mtoto akichanganya.

Mtego wa tatu ni “zaidi”. “Sarafu za tano zinazidi za kumi kwa tatu” ni usawa kamili: x = y + 3. “Sarafu za tano ni zaidi ya tatu” si usawa hata kidogo. Zaweza kuwa nne au arobaini. Na “mara tatu zaidi ya” imewahi kuzua mabishano makali katika ofisi yangu: wengine huielewa kuwa mara tatu, wengine kuwa mara tatu juu ya ile ya kwanza, yaani mara nne. Kiswahili kina njia safi ya kusema jambo hilo: “ni mara tatu ya”. Neno “zaidi” hapo halina kazi isipokuwa kuleta utata.

Sasa turudi Jericho. Yule mama hakuanguka katika mtego hata mmoja. Kwa nini? Jibu liko katika maneno aliyotumia. Hakusema “sarafu za shilingi tano”. Alisema kobole. Hakusema “sarafu za shilingi kumi”. Alisema ashu. Sheng, ambayo mitaa hii ya Mashariki ndiyo iliyoilea, imezipa sarafu majina yao wenyewe: kobole ni ya tano, ashu ni ya kumi, mbao ni ishirini. Sarafu ikishakuwa na jina lake, unaweza kuihesabu kama unavyohesabu nyanya. “Ashu tatu na kobole nne” haina utata: namba inahesabu vipande, na thamani imekaa kimya ndani ya jina. Wale wanaoona Sheng kuwa uharibifu mtupu wa Kiswahili wasikilize kidogo. Neno ashu limetokana na “ashara”, yaani kumi, neno lililomo katika kamusi zetu. Na Kiswahili cha wazee kilikuwa na utaratibu huo huo. Senti hamsini iliitwa thumuni, neno ambalo kwa asili ni sehemu moja ya nane. Senti tano iliitwa ndururu. Majina hayo yalikufa pamoja na sarafu zake, nasi wasanifishaji hatukubuni mengine. Vijana wa mtaani wakabuni.

Hata hivyo, nisiwadanganye wasomaji kwamba Sheng inamaliza kazi. Ina mtego wake pia, na ndio mbaya kuliko yote. Mwanafunzi akiamua kutumia herufi k kwa kobole na a kwa ashu, atadhani k ni kifupi cha neno kobole. Sivyo. k ni idadi ya kobole. Katika 5k, tano ni thamani ya kipande kimoja, na k ni vipande vingapi. Anayesoma 5k kama “kobole tano” amekwisha potea. Ndiyo maana sentensi ya kwanza ya kila jibu inapaswa kuwa ya maneno: tuseme idadi ya kobole ni k. Neno “idadi” likikosekana hapo, yote yanayofuata yamejengwa juu ya mchanga.

Kosa hili si la watoto wa Jericho peke yao, wala si la wasiojua Kiingereza. Mwaka wa 1981, John Clement, Jack Lochhead na George Monk walichapisha katika jarida la American Mathematical Monthly matokeo ya swali moja jepesi waliloliuliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi nchini Marekani. Walitakiwa kuandika mlinganyo wa kauli hii: katika chuo hiki wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na wengi wa waliokosea waliandika 6S = P, yaani waliweka sita upande wa wanafunzi kwa kuwa katika sentensi sita ilikaa karibu na wanafunzi. Jibu sahihi ni S = 6P: ukiwazidisha maprofesa kwa sita ndipo unawafikia wanafunzi. Hao walikuwa wahandisi watarajiwa, wakisoma kwa lugha ya nchi yao. Kwa hiyo kubadilisha lugha ya kufundishia, jambo ninaloliunga mkono, hakutoshi. Lazima mtu afundishwe kusoma sentensi ya hesabu polepole, neno kwa neno, na kuuliza kila namba: wewe unahesabu nini?

Utafiti mwingine unanirudisha kwenye ile kauli ya “hiyo ni ya soko”. Mwaka wa 1985, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha kazi yao kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa barabarani na sokoni huko Recife, Brazil. Kwenye biashara yao, watoto hao walipata majibu sahihi kwa asilimia 98. Walipopewa hesabu zizo hizo zikiwa namba tupu kwenye karatasi, walishuka hadi chini ya asilimia 40. Watoto watano ni wachache, na sitaki kuwabebesha hoja kubwa kuliko uwezo wao. Lakini yeyote aliyewahi kununua nyanya Jericho anawajua watoto hao.

Na je, ile ya soko si hesabu? Tazama. Mama alisema: tuseme zote ni kobole, 24 mara tano ni 120. Katika daftari hilo ni kuzidisha mlinganyo wa kwanza kwa tano: 5x + 5y = 120. Akasema: pesa ni 185, kuna 65 imezidi. Katika daftari ni kutoa mlinganyo huo kutoka kwa 5x + 10y = 185, na kubaki na 5y = 65. Akasema: kila ashu inazidi kobole na bob tano. Hiyo ndiyo tano iliyobaki mbele ya y. Akagawa, akapata 13. Hatua kwa hatua, hiyo ndiyo mbinu ya kuondoa kisichojulikana kimoja, ile ambayo binti alikuwa akiitafuta. Tofauti ni kwamba mama alijua kila namba ilikuwa inahesabu nini, na binti aliziandika namba kabla ya kuziuliza.

Tena kuna jambo ambalo njia ya mama inalionyesha vizuri kuliko daftari: kwa nini masharti lazima yawe mawili. Ukijua tu kwamba thamani ni shilingi 185, kuna njia 19 za kuipata kwa kobole na ashu, kuanzia kobole 37 bila ashu hata moja, hadi kobole moja na ashu 18. Ukijua tu kwamba vipande ni 24, kuna njia 25. Ukiyaweka masharti yote mawili pamoja, inabaki njia moja tu. Kila sentensi ya swali inafuta majibu ambayo nyingine imeyaruhusu. Mtoto akiliona hilo kwa sarafu halisi zilizotandazwa mezani, hataandika tena kwamba idadi ni 185.

Wanaodhani kwamba aljebra ni mambo ya herufi, na kwamba maneno ni ya wasioijua, wakumbuke ilikozaliwa. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake mashuhuri mjini Baghdad mnamo mwaka wa 820 hivi, hakutumia herufi x wala alama ya usawa. Aliandika yote kwa maneno. Kisichojulikana alikiita “kitu”. Mraba wake aliuita “mal”, neno lile lile lililotupa “mali”. Namba za kawaida alizihesabu kwa dirhamu, yaani kwa sarafu. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu ugawaji wa urithi. Aljebra ilianza ikiwa nathari kuhusu mali ya watu, na nathari hiyo ilipaswa kuwa makini kwa sababu ikikosewa, yatima anadhulumiwa.

Naandika basi ninachokitaka kwa waandishi wa vitabu na watunga mitihani, kwa lugha yoyote watakayotumia. Kisa kiwe na sababu ya kutojua. Neno “idadi” na neno “thamani” yatajwe wazi. “Za” irudiwe. “Mara tatu zaidi” iachwe. Nimejaribu kuliandika upya lile swali, nanyi lihakikini kama nilivyohakiki la mwenzangu:

Muuza mboga aliandika mauzo yake ya asubuhi daftarini: shilingi 185. Wateja wote walilipa kwa sarafu za shilingi tano na kwa sarafu za shilingi kumi. Mtoto alivihesabu vipande akivitia katika mkebe bila kuvitenga, akapata vipande 24, kisha mkebe ukafungwa. Idadi ya vipande vya shilingi tano ni ngapi? Na ya vipande vya shilingi kumi ni ngapi?

Ni refu kuliko la kwanza. Sioni ubaya. Mtahini anayebana maneno ili kuokoa mstari mmoja anamlipisha mtoto gharama ya mstari huo.

Nilimwomba binti achukue sarafu za mkebe wa mamake, atandaze 24 juu ya gunia, kobole na ashu, na azibadilishe moja moja hadi thamani ifike 185. Alipofika, nikamwambia aandike kwa maneno alichofanya, kisha aandike kwa herufi chini ya kila sentensi. Aliandika: idadi ya kobole jumlisha idadi ya ashu ni 24. Akatua. Akafuta ile 185 ya kwanza mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

“Kwa hivyo mum alikuwa anafanya hii?” akaniuliza.

“Muulize yeye,” nikamjibu. Mamake alikuwa akimhesabia mteja chenji.